Jibu: Picha za babu zisizo na majina

Ndugu, umeuliza uanzie wapi na picha za babu zisizo na majina. Anza na mgongo wa picha: muhuri wa studio, mwandiko wa penseli uliofifia. Ikiwa imeganda kwenye albamu, usiibandue kwa nguvu. Ukimpelekea mzee, muulize kwanza vya pembeni, kiti, mlango, nguo. Majina mara nyingi huja yenyewe. Na maelezo yaliyoandikwa chini ya picha usiyaamini upesi. Mama mhamiaji aliyepigwa picha na Dorothea Lange, mpiga picha Mmarekani, kule California mwaka 1936 alizunguka dunia bila jina. Mwaka 1978 ndipo akajulikana: Florence Owens Thompson, mzaliwa wa Oklahoma mwenye asili ya Cherokee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Muda wote huo wengi walimchukulia kuwa mzungu tu.