Siku mbili bonde la mto Rhine, Ujerumani: gari usiliache Bacharach, liache St. Goar

Mkuu, simama hapo hapo kabla hujalipia kitu chochote.

Umeandika kwamba mtakuwa wanne, wewe, mama watoto na watoto wawili. Mnakodi gari Frankfurt, mnaliegesha Bacharach, mnapanda boti ya mchana kwenda St. Goar, mnatembelea ngome, kisha mnarudi na boti ya jioni kulichukua gari na kuvuka kwenda kulala Kaub. Ukauliza ngome ipi inawafaa watoto, na kama bora Aprili au Oktoba. Nimeisoma mara mbili na tumbo likanikata, maana ratiba hiyo ni ileile niliyopewa mimi, karibu neno kwa neno, na najua inaishia wapi. Inaishia stesheni ya Kaub, giza limeshaingia, na mama mkwe anauliza dawa zake za presha ziko wapi.

Kwa hiyo shika hili kwanza. Gari liegeshwe pale safari ya boti inapoishia, sio pale inapoanzia. Asubuhi mnapanda treni kuelekea mto unakotoka, mchana mnashuka na boti mpaka lilipo gari lenu. Halafu gari, treni na kitanda viwe upande mmoja wa mto. Ukilibadilisha hilo tu, mengine yote uliyopanga yanaweza kubaki.

Sasa nikueleze kwa nini naling'ang'ania.

Sehemu ile mto unatoka Bingen kwenda Koblenz, yaani unaelekea kaskazini-magharibi. Kwenye ramani Koblenz iko juu na Bingen iko chini, kwa hiyo mtu anayepanga kwa kutazama ramani anaona kwenda Koblenz ni kupanda. Maji yanafanya kinyume. Kutoka Bacharach kwenda St. Goar, kilomita kama 13 za mto, boti inasukumwa na maji na unafika kwa dakika arobaini na kitu. Kurudi, boti ileile, njia ileile, inapigana na mkondo na inachukua zaidi ya saa nzima. Kwa sababu hiyo boti za kupanda jioni zinaondoka mapema kuliko unavyodhani, na mwisho wa msimu zinakuwa chache mno. Ukifungua ratiba ya boti utaona sehemu mbili: Talfahrt ni kushuka na mto, Bergfahrt ni kuupanda. Soma zote mbili, na usome tarehe zilizoandikwa juu yake, kwa sababu ratiba ya Julai sio ya Oktoba.

Wakala aliyenipangia mimi hakusoma. Namwita wakala tu, jina lake halitakusaidia. Nilimlipa pesa yangu ili nisihangaike, akanipa karatasi nzuri yenye rangi, na humo kaandika "saa 11:30 jioni, rudini kwa boti Bacharach". Boti ya saa hiyo haikuwepo. Mtu yule aliupanga mto kama ziwa, unakwenda na kurudi kwa muda uleule, saa yoyote unayotaka. Chini yake akaongeza mstari mwingine ambao mpaka leo nikiukumbuka damu inachemka: "mkiikosa boti, vukeni St. Goarshausen, treni hadi Kaub, Bacharach iko ng'ambo." Kwenye ramani ni kweli, Kaub na Bacharach ziko jirani. Ila kati yake kuna mto, na daraja hakuna.

Narudia, daraja hakuna. Kuanzia Koblenz kupanda mpaka karibu na Mainz na Wiesbaden hakuna hata daraja moja la gari. Lilikuwepo la reli kati ya Bingen na Rüdesheim, likavunjwa vitani mwaka 1945 na halikujengwa tena. Kuvuka ni kwa pantoni tu: Bingen na Rüdesheim, Niederheimbach na Lorch, Kaub na barabara ya ng'ambo, St. Goar na St. Goarshausen, Boppard na Filsen. Zinabeba magari, ni nzuri na zinafanya kazi yake vizuri sana mchana. Usiku zinafunga, kila moja kwa saa yake, na kuanzia vuli baadhi hufunga mapema zaidi.

Ilikuwa Oktoba. Mimi, mke wangu, watoto wawili na mama mkwe ambaye magoti yake hayakuwa mazuri. Gari Bacharach, mizigo yote ndani ya buti, pamoja na ule mkoba mdogo wa dawa, kwa sababu tulijua tutarudi jioni ileile. Kushuka kulikuwa raha ambayo sitaisahau. Tulipita ule mnara mweupe wa Pfalzgrafenstein uliosimama katikati ya maji pale Kaub, mahali walipokuwa wakitoza ushuru wa vyombo karne na karne, kisha mto ukabana, ukapinda, na mwamba wa Loreley ukasimama juu yetu mita 132. Kona za pale ni kali kiasi kwamba kuanzia Oberwesel mpaka St. Goar kuna taa maalumu za kuvionyesha vyombo vinavyopanda kama kuna vingine vinashuka, kwa sababu havionani. Mama mkwe alisimama nje na kitambaa kichwani muda wote, akakataa kukaa.

Tukashuka St. Goar, tukapanda kwenye ngome ya Rheinfels, watoto wakakimbia mpaka wakachoka. Tukarudi gatini saa 11 na robo, tukiwa na furaha, tukasimama kusubiri. Saa 11:30 ikapita. Saa 12 ikapita. Kwenye ubao wa gati niliona Bergfahrt ya mwisho ilishaondoka sisi tukiwa bado kule juu ngomeni.

Na sasa sikiliza kosa lenyewe, maana kuikosa boti halikuwa kosa kubwa. St. Goar ina stesheni, hatua chache kutoka gatini. Reli ya upande ule inapita Oberwesel na kusimama Bacharach, dakika kumi na kitu tu. Tungepanda hapo, kabla ya saa 1 tungekuwa ndani ya gari. Lakini nilikuwa na karatasi ya wakala mkononi, na karatasi ilisema tuvuke. Mke wangu aliniuliza, "Kwa nini tusiulize hapo stesheni?" Nikamjibu kwamba huyu tumemlipa, anajua. Tukavuka.

Bonde lile lina reli mbili, moja kila ukingo, na hazikutani katikati. Kushoto kwa mto ukiwa unashuka kuna Bingen, Bacharach, Oberwesel, St. Goar, Boppard, Koblenz, na barabara ya B9. Kulia kuna Rüdesheim, Lorch, Kaub, St. Goarshausen, Braubach, na barabara ya B42. Ukishapanda ya kulia, ya kushoto utaiona dirishani, taa zake zinapita, huifikii. Treni zinazosimama vijiji vidogo huja karibu kila saa moja, zile za haraka zinapita bila kusimama. Ya kwanza ilituacha tukiwa tunashuka kwenye pantoni. Tukangoja ya pili kwenye baridi.

Kaub tulifika saa 1:20 usiku. Pantoni ilishafunga. Mnyororo umefungwa, chombo kimetulia ng'ambo ya pili. Tuliziona taa za magari kwenye B9, barabara ileile inayokwenda Bacharach, kilomita kama tatu tu kutoka pale. Mwanangu mdogo akasema, "Baba, gari letu liko kule," akinyoosha kidole. Nilimjua mama mkwe miaka mingi na sikuwahi kumwona amenyamaza vile. Alikaa kwenye benchi ameshika mkono wa mke wangu, na muda wake wa dawa ulikuwa umepita.

Ikabidi turudi stesheni, tungoje treni nyingine mpaka Rüdesheim, kwa sababu pantoni ya kule kwenda Bingen inafanya kazi mpaka usiku zaidi. Tukavuka. Bingen nako kuna stesheni mbili, ya mjini na ile kubwa iliyo mbali kidogo, hilo nalo lilitupotezea muda kwa sababu tulianza kutembea kuelekea ile isiyo karibu. Tulilifikia gari saa 4 usiku. Dawa zikanywewa, namshukuru Mungu hakudhurika. Ila nyumba tuliyolipia ilikuwa Boppard, na mwenyeji alishatuandikia kwamba mlango unafungwa saa 3. Tulipofika hakupokea simu. Vyumba viwili vilivyolipiwa tukaviacha, tukalipa vingine viwili mahali pengine kwa bei ya mtu asiye na chaguo. Nilipompigia wakala kesho yake aliniambia eti boti hubadilika, yeye hawezi kujua. Ratiba ilikuwa imebandikwa gatini tangu masika! Mtu anachukua pesa kwa ajili ya kusoma ratiba, halafu hasomi ratiba. Nilimwambia hivyo na ningemwambia tena leo.

Sasa wewe fanya hivi. Siku ya kwanza ondoka Frankfurt asubuhi, njoo moja kwa moja mpaka St. Goar, egesha hapo. Panda treni ya ukingo huohuo kurudi Bacharach, au mpaka Bingen kama watoto wanavumilia boti ndefu. Bacharach ni ya kutembea kwa miguu, mna muda wa kula na kupanda kidogo kwenye mizabibu nyuma ya mji. Kisha chukua boti ya kushuka, sio ile ya mwisho, ile inayoitangulia. Mkiikosa, ipo nyingine. Mkizikosa zote, stesheni ya Bacharach iko palepale na treni inawarudisha St. Goar bila kuvuka chochote. Unaona tofauti? Kila kinachoharibika kinakupeleka kwenye gari, hakikuachi ng'ambo. Na dawa, nguo za watoto, chaja, kila mnachohitaji usiku, kibebeni mgongoni hata kama ni safari ya saa tatu.

Nyumba ya Kaub ifute kama bado inafutika, tafuta Oberwesel, St. Goar au Boppard. Kama haifutiki, basi mkitoka kwenye boti ingieni garini na mvuke na pantoni ya St. Goar mapema, mkiwa na gari lenu, kisha mshuke B42 hadi Kaub... hapana, mpande, naona na mimi bado ramani inanichanganya. Kaub iko kwenye mto unakotoka. Andika kwenye karatasi, mkuu, usitegemee kichwa.

Ngome: Rheinfels inawafaa watoto kwa sababu ni magofu makubwa na wanazurura, na iko juu ya mji huohuo lilipo gari. Ujenzi wake ulianza mwaka 1245. Marksburg pale Braubach ndiyo ngome ya mlimani ambayo haikuwahi kubomolewa, inavutia sana, ila unaingia na mwongozaji tu na iko ukingo wa kulia. Ifanye siku ya pili kwa gari, mchana, pantoni zikiwa wazi.

Kuhusu mwezi, boti zinafanya kazi takriban Aprili hadi Oktoba, na pembeni mwa msimu ni chache. Vuli nayo ina jambo la maji kupungua. Oktoba 2018 kipimo cha maji cha Kaub kilishuka mpaka sentimita 25. Hicho sio kina cha njia yenyewe ya meli, ni namba ya kipimo tu, lakini ikishuka hivyo vyombo vinapata shida. Ukienda Oktoba itazame namba hiyo wiki ile ya safari, na treni iwe tayari kama njia ya pili. Mimi ningekwenda Mei.

Ukishapanga upya, weka hapa mambo mawili: saa ya boti ya Talfahrt utakayopanda, na gari litakuwa ukingo upi. Nitaipitia leo usiku kabla hujalipa.