Unayekuja kujifunza ufundi wa mitumbwi Kigoma, anzia ziwani

Vijana wengi wanaofika kwenye mialo ya Kibirizi au Katonga, Ziwa Tanganyika, kuomba kufundishwa wanataka kushika tezo, kile kifaa cha kuchongea mbao, siku hiyohiyo. Mdogo wangu, tezo lipo, halikimbii. Omba kwanza nafasi kwa wavuvi wa dagaa, ukeshe nao siku za giza, mwezi usipoangaza.

Utaona mitumbwi miwili imeunganishwa kwa boriti, wavu umeshushwa chini yake, taa zinawaka. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana za sola. Dagaa wakishajaa kwenye mwanga, wavu unavutwa. Hapo mzigo wote unakaa pale boriti ilipofungwa, na kusi ikivuma, kuanzia Mei hivi, mtumbwi mmoja unapanda wimbi huku mwenzake unashuka. Ndiyo maana ukiletewa mtumbwi unaovuja usikimbilie tundu unaloliona. Shika ubao wa juu karibu na boriti, utikise. Ubao ukicheza, mataruma (mbavu za mtumbwi) ya hapo yamelegea, na pamba yote utakayoshindilia kule chini itatoka tena wiki hiyohiyo. Kaza juu kwanza, kalafati, yaani kuziba nyufa kwa pamba, baadaye.

Mliotokea Pwani, mengine yaacheni hukohuko. Ziwa halina kupwa wala kujaa, kwa hiyo huwezi kusubiri maji yatoke ndipo uingie chini ya chombo. Unatafuta watu wa kukivuta mchangani, na watu hao wanakula. Wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hapa hawapo. Adui ni maji ya mvua yanayotuama ndani. Mtumbwi uliopumzishwa bila kufunikwa huoza sakafuni wakati nje unang'aa rangi mpya, na mnunuzi mgeni hudanganyika kwa hiyo rangi.

Kalenda yetu ni mwezi. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, wavuvi wanabaki nchi kavu, na vyombo vyote vinakuja kwa fundi kwa pamoja, kila mwenye chombo akisema chake ndicho cha haraka. Nunua misumari na pamba kabla. Halafu suala la malipo: mwenye chombo asiyevua hana hela. Ziwa lilipofungwa, uvuvi ukasimamishwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, vyombo vya kutengeneza vilikuwepo tele. Chukua nusu kabla hujang'oa ubao wa kwanza, iliyobaki mpatane ilipwe giza likianza, samaki wa kwanza wakiuzwa, hata kama mwenyewe ni shemeji yako.