Jibu: Mchezo wa fagio kuchangia madawati Mtwara

Ndugu, umeuliza kama ule mchezo wa kukimbia na fagio katikati ya miguu unaweza kuchezwa hapa Mtwara kuchangia madawati. Unawezekana kabisa! Ulianzia chuo cha Middlebury, Marekani, mwaka 2005, na siku hizi unaitwa quadball. Uwanjani wanaingia 7 kila timu, wanawake na wanaume pamoja, na hapo ndipo uliponikamata. Badala ya fagio, kata bomba la plastiki. Mpira wa wavu upunguze upepo kidogo, ushikike kwa mkono mmoja.

Goli ni pointi 10, kwa hiyo waombe wenye maduka waahidi kiasi kwa kila goli. Subirini hela ya korosho iingie, mchezee ufukweni Shangani maji yakipwa. Msikodi uwanja, tafadhali, madawati kwanza.