Kabla hujapandisha resi ya Altezza, pima springi

Injini yangu ya Toyota 3S-GE niliikuta Ilala imekaa juu ya tairi kuukuu. Muuzaji aliapa kwamba imetoka kwenye Altezza ya gia za mkono, nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Miezi minne baadaye nilikuwa nimeinamia hedi (kichwa cha injini) iliyofunguliwa, valvu mbili za ekzosi zimepinda, na kompyuta ya gari imeshawekwa ikubali resi 8,500, yaani mizunguko 8,500 ya injini kwa dakika.

Asili ya injini hiyo si jambo dogo. Altezza RS200 ilipotoka mwaka 1998, ya gia za mkono ilikuwa na farasi 210 kwenye resi 7,600, na Toyota waliipa valvu za titani. Ya otomatiki ilikuwa na farasi 200 kwenye 7,000. Titani ni nyepesi kuliko chuma, na uzito wa valvu ndio springi inaopambana nao. Laiti ningepitisha sumaku kwenye valvu za kuingiza hewa! Ikinata, hiyo si titani, muuzaji aape atakavyo. (Na kama ni titani kweli, fundi asizisage kwa dawa ya kusagia valvu. Zina ngozi ngumu juu ambayo ikitoka hairudi.)

Kwenye resi 7,800 kila valvu inafunguka na kufunga mara 65 kwa sekunde. Kamu, ule mhimili wenye nundu, huifungua, lakini kuifunga ni kazi ya springi peke yake. Springi ikiwa imechoka, kamu inageuka na kuiacha valvu hewani huku pistoni inapanda. Tena mzigo haupandi sambamba na resi: kutoka 7,800 hadi 8,500 resi zinaongezeka kama asilimia 9, mzigo karibu asilimia 19.

Yangu ilinionya. Ikikaribia 7,500 inakohoa, nguvu zinakatika. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha koili. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye springi za miaka zaidi ya 20 ambazo sikuwahi kuzipima, na kuzipima hakuhitaji maabara. Weka springi juu ya mizani ya kupimia watu, ikandamize kwa mashine ya kutobolea ya kusimama mpaka urefu inaokuwa nao valvu ikiwa imefunga, soma kilo. Endelea mpaka urefu wa valvu ikiwa wazi kabisa, soma tena. Fanya hivyo kwa zote 16. Moja ikiwa dhaifu kuliko wenzake, seti nzima haifai.

Ukinunua mpya, chukua springi, sahani zake za juu na koleti (vipande vidogo vinavyoibana sahani kwenye valvu) kwa mtengenezaji mmoja. Valvu ikiwa wazi kabisa, ibaki angalau milimita 1 kabla duru za springi hazijagusana. Kisha bandika plastisini (udongo laini wa kuchezea) juu ya pistoni, funga hedi, zungusha injini kwa mkono, fungua, ikate plastisini, pima unene uliobaki pale valvu ilipoikandamiza. Mimi sikubali chini ya milimita 2 upande wa kuingiza hewa na 2.5 upande wa ekzosi. Kwa kuwa hii ina VVT-i, mfumo unaosogeza kamu mbele na nyuma injini ikiwa inafanya kazi, kamu ya kuingiza hewa ipimwe ikiwa imesogezwa mbele kabisa. Fundi wengi hupima pale ilipolala, wakafurahi bure. Springi ngumu kupita kiasi nazo usizitamani, zitakula kamu na tapeti, vikombe vilivyo kati ya kamu na valvu.

Kikomo cha resi nakiweka mwisho, baada ya vyuma kujulikana. Kwa kamu za kiwandani nguvu zinaishia kwenye 7,600, sasa huko 8,500 unafuata nini zaidi ya kelele? Pistoni ya 3S-GE husafiri milimita 86, hivyo kwenye 7,800 mwendo wake wa wastani ni mita 22.4 kwa sekunde, na kwenye 8,500 ni 24.4. Honda S2000 inavuka 25 ikiwa kwenye resi 9,000, lakini ile ilizaliwa hivyo. Yangu sasa inakata 7,700.

Ila zile valvu hazikupindwa na kompyuta. Nilikuwa natoka gia ya tatu kwenda ya nne, mkono ukaangukia ya pili. Kikomo hukata mafuta tu. Hakiwezi kuzuia magurudumu yasiisukume injini. Bushi za kijiti cha gia nilizibadilisha wiki ileile, kabla hedi haijarudi kwa fundi.