Utafiti na kelele za bajeti vina faida gani?

Ndugu, umeuliza kwa nini shirika la afya ya wanawake litumie hela za wafadhili kwenye utafiti na ushawishi badala ya kununua vitanda. Swali zuri, ila tazama walichofanya Utepe Mweupe wa Uzazi Salama, muungano wa kutetea uzazi salama, huko mkoani Rukwa, Tanzania.

Serikali ilishaahidi, kwenye mpango wake wa 2008 hadi 2015, kwamba nusu ya vituo vya afya vitatoa huduma kamili za dharura za uzazi, yaani upasuaji na damu ya kuongezewa. Karatasi ilikuwa safi. Utepe Mweupe wakaenda vituoni kuhesabu: chumba cha upasuaji kipo? Damu ipo? Mtu wa kutoa nusukaputi yupo? Majibu ndiyo yakawa silaha yao. Wakakusanya saini za wananchi, wakawafuata wabunge na halmashauri, wakadai fungu la uzazi lionekane kwenye bajeti, lisimezwe na "mengineyo".

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kitanda kipya hakimsaidii kama benki ya damu iko mbali na gari halina mafuta (na mafuta, tusidanganyane, mara nyingi ndiyo hukosekana).

Vitanda nunua, sikatai. Lakini shirika haliwezi kulipa mshahara wa daktari miaka 20. Halmashauri inaweza, ikibanwa na takwimu zake yenyewe.