Wimbo Unachunguliwa Kabla ya Kufunguliwa

Harusi ilikuwa Tabata, mwaka wangu wa kwanza wa kupiga muziki kama DJ kwa malipo. Keki imekatwa, MC ameshaufungua ukumbi, akina mama wa sare wako katikati na amapiano inawaka. Nikaweka hedifoni sikio moja, sikio la pili nikaliacha wazi kwa ukumbi, nikapanga biti za wimbo unaofuata ziendane na za ule unaochezwa mpaka nikaridhika. Nikaupandisha. Kilichotoka ni farasi wawili wanakimbizana juu ya bati. Mama mmoja alisimama katikati ya hatua, akanitazama, akaenda zake kukaa. Lile jicho ninalo mpaka leo.

Nililaumu kontrola, ile mashine ya DJ inayochomekwa kwenye kompyuta, nikalaumu waya. Kosa lilikuwa umbali. Meza yangu iliwekwa nyuma kabisa ya ukumbi, spika ziko mbele jukwaani, kama mita 17 hivi, na monita, yaani spika ya DJ mwenyewe, sikupewa. Sauti hewani huenda takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ilinifikia imechelewa sehemu moja ya 20 ya sekunde. Ya kwenye hedifoni haisafiri popote. Nikaulinganisha wimbo mpya na sauti iliyochelewa. Masikioni mwangu ukakaa sawa, kwenye spika ukawa nyuma. Kwa amapiano ya biti 112 kwa dakika, kuna zaidi kidogo ya nusu sekunde kati ya biti na biti, na kuchelewa huko ni karibu moja ya kumi yake, ndiyo maana kilisikika kigugumizi. Ingekuwa singeli ya biti 240, kuchelewa huko ni moja ya tano ya biti nzima. Hapo umegonganisha bodaboda.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujauliza hedifoni gani nzuri, uliza monita iko wapi. Spika moja ndogo karibu na kichwa chako ina faida kuliko hedifoni ya bei mbaya. Ukifika ukumbini ukakuta haipo, usibishane na fundi wa sauti usiku kucha. Angalia miksa yako: karibu na tundu la hedifoni kuna kirungu kinachozunguka, upande mmoja unasikia kyu, yaani wimbo unaouandaa, peke yake, upande wa pili masta, yaani kile kinachotoka kwa watu. Kiweke katikati. Sasa nyimbo zote mbili zinapita humo humo kichwani, na umbali wa ukumbi haukuhusu tena. Miksa nyingine zina swichi ya kugawa: kyu sikio moja, masta sikio jingine. Wapo wanaoipenda. Mimi inanichanganya nikichoka, lakini imewahi kuniokoa.

Kuusikiliza wimbo kabla ya watu ni jambo la zamani kuliko kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1960, DJ Francis Grasso alikuwa akipiga santuri kwenye klabu ya Sanctuary, New York, akiisikiliza sahani ya pili kwa hedifoni huku ya kwanza ikichezwa. Miaka ya 1970, kule Bronx, DJ Grandmaster Flash alijiundia swichi ya kuisikia sahani inayofuata kabla ya watu, akaipa jina la ule mchezo wa kumchekesha mtoto mchanga, wa kuficha uso na kujitokeza. Nami ndivyo ninavyowaambia vijana wanaokuja kujifunza kwangu: unachungulia. Hukai chumbani. Unachungulia, unajua kuna nini, unatoka.

Unachungulia nini? Wengi husikiliza bezi, kwa sababu ndiyo inayotikisa. Lakini ukumbini bezi imejaa kila mahali, ya kwenye hedifoni inazama humo humo. Tafuta vitu vyembamba: lile kofi la biti ya pili na ya nne, au msumari wa hai-hati, yale matoazi mawili ya ngoma. Nikianza kupanga hupunguza bezi ya wimbo mpya, nikasikiliza makofi mawili yanavyokaa. Yakisikika kama kofi moja nene, uko sawa. Yakianza kuachana, jiulize lipi limetangulia, usukume sahani kidogo sana. Hapo ndipo sikio linapofundishwa, na hakuna njia ya mkato. Mimi nilikaa miezi nikijaribu kwa wimbo mmoja uleule kwenye chaneli zote mbili, maana kasi yake unaijua, kinachobaki ni kuuweka mahali pake.

Najua utaniambia kuna kitufe cha kulinganisha chenyewe. Kipo, nakitumia, sioni haya. Ila kompyuta haikwambii kwamba wimbo ulioupakua usiku ule una jamaa anayepiga kelele jina la tovuti sekunde ya tano. Haikwambii kama umeshika toleo lenye matusi wakati mchungaji yuko meza ya mbele. Na haiwezi rumba ya zamani. Zile bendi zilipiga kwa mkono, kasi inapanda na kushuka na mpiga ngoma, na wakifika kwenye sebene mambo yanageuka kabisa. Mistari ya kompyuta ya kuonyesha biti inakwambia kitu kimoja, gitaa linakwambia kingine. Mimi huko huwa sichanganyi. Nachungulia mahali sebene inapoanza, naweka alama, nakata wimbo uliopo mwishoni mwa kiitikio, naachia. Watu wanapiga kelele kana kwamba nimefanya kazi kubwa.

Sasa sauti. Ukumbi ukiwa na kelele, mkono unakwenda wenyewe kuongeza hedifoni. Ongeza, sikio linazoea, unaongeza tena. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka tatu, muda unakatwa nusu. Ukifika 100, umebakiwa na dakika 15. Nilikuwa natoka kwenye vigodoro alfajiri masikio yanapiga filimbi, naona ni sifa. Siku hizi nachagua hedifoni inayofunika sikio vizuri ili nisihitaji kuongeza, naivaa nusu dakika, naishusha shingoni. Anayeivaa usiku kucha masikio yote mawili hajui hata kama watu wameacha kucheza.

Za Bluetooth achana nazo kwa kazi hii. Nyingi zinachelewesha sauti kuliko ule ukumbi wangu wa Tabata, na hakuna monita itakayokusaidia.

Kama huna kontrola, una kompyuta tu na tundu moja la sauti, usikate tamaa. Kuna waya wa Y unaotoa upande wa kushoto kwenda kwenye spika na wa kulia kwenda kwenye hedifoni. Programu za kuchanganyia kama VirtualDJ unaziambia masta ipite huku, kyu ipite kule. Muziki unatoka mono, yaani hakuna tena kushoto na kulia, na kwenye sendofu sijawahi kuona mgeni aliyelalamika.

Halafu nunua vile vichwa vya kugeuzia plagi ndogo ya milimita 3.5 iingie kwenye tundu kubwa la 6.35. Nunua viwili. Kimoja ataazima DJ mwenzako usiku wa kwanza, na hicho umeshakisahau.