Nane, sita, nane, sita

Mwanangu,

Barua yako imefika. Unauliza kama una kasoro, kulia darasani kwa shairi la Emily Dickinson, Mmarekani aliyefariki 1886, ilhali msibani kwa bibi yako hukudondosha chozi. Siku ile ulikuwa uani unasugua masufuria ya watu mia. Ungelia saa ngapi?

Nimelisoma kwa sauti hapa barazani. Mauti anasimamisha gari la farasi, anampakia msemaji wa shairi kwa upole, kama mgeni mwenye adabu. Nikahesabu mizani kwa vidole: nane, sita, nane, sita. Bibi yako naye alihesabu hivyo, akigonga goti, ila zake zilikuwa nane tupu, za utenzi. Shairi ni sauti kwanza, nimekwambia tangu mdogo.

Lakini kilichonichoma si Mauti. Ni pale uliposema kwamba Dickinson akiwa hai yalichapwa mashairi kama kumi tu, na alipokufa, mdogo wake Lavinia akakuta mamia mengine, mengi yamo katika vijitabu vilivyoshonwa kwa uzi. Jumla karibu 1,800! Lavinia hakutulia mpaka kitabu kilipotoka 1890. Umekasirika kwamba wahariri walifuta vistari vya Emily na kumnyooshea vina. Mimi nikasema, angalau walikuwa na cha kufuta.

Bibi yako alikuwa na daftari tatu, hati za Kiarabu, chini ya khanga sandukuni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikampelekea muuza karanga daftari zile, akanijazia mfuko. Siku ya tatu jirani alimletea bibi yako karanga. Akaufungua ule mviringo wa karatasi, akaukuta mwandiko wake, mafuta yameshaupenya. Hakunipiga. Aliinyoosha karatasi gotini, akaisoma yote kwa sauti, akaikunja.

Miaka yote nimejifariji kwamba shairi ni sauti kwanza, hivyo hakuna kilichopotea. Si kweli. Nimebakiwa na ubeti mmoja. Ila basi, ubeti huo nao niliupata kwa sikio, si kwa daftari. Sijui nijishinde vipi.

Kuhusu kuacha uhasibu usome fasihi, nimemwahidi mama yako kwamba uamuzi ni wako. Neno ninalo, limefika kooni, nalimeza.

Ule ubeti nimeuandika nyuma ya karatasi hii. Uhesabu.

Baba yako